Kupima fea valyu ya deni la kampuni ya dawa: ninavyofanya mimi

Mwaka juzi, siku ya tatu ya kufunga hesabu, kijana wetu wa idara ya fedha aliniletea karatasi huku akitabasamu. "Dada, tumepata faida ya dola 580,408." Nikamuuliza tumeuza nini. Hatukuwa tumeuza kitu. Mashine ya kufungia vidonge ilikuwa imelala wiki mbili, ukaguzi wa ubora ulikuwa umetuachia orodha ndefu ya kasoro, na ofisa wa benki alikuwa ameanza kupiga simu kila Jumatatu kutujulia hali. Faida ile ilitoka kwenye deni letu wenyewe. Kadiri watu walivyozidi kutilia shaka kama tutalipa, ndivyo deni lilivyoshuka thamani, na deni likishuka, vitabu vinaandika faida.

Kijana hakukosea kuzidisha wala kujumlisha. Alikosea mahali pa kuiweka. Nilikaa naye mpaka magharibi, na ninayoyaandika hapa ndiyo tuliyopitia, kwa mpangilio ninaoutumia katika kiwanda cha dawa hapa Dar es Salaam chini ya IFRS, viwango vya kimataifa vya kuandaa hesabu. Namba nimezigeuza zisifanane na za mwajiri wangu. Vitabu vingine vinaandika "thamani ya haki". Ofisini tunasema fea valyu, nami nitasema hivyo: ni bei ya kitu au deni kwa soko la leo.

Kabla hujafungua Excel

Uliza kwanza kama deni lako linatakiwa kupimwa hivyo. Mikopo mingi ya kampuni za dawa haimo kwenye mizania kwa fea valyu. Inabaki kwa gharama: pesa uliyopokea ukitoa ada za kupanga mkopo, ukaongeza riba kwa kiwango halisi, ukapunguza ulicholipa. Soko likipanda au likishuka, namba hiyo haitikisiki. Fea valyu inaandikwa nyuma, kwenye maelezo ya hesabu.

Mfano ninaoupenda ni Valeant, kampuni ya Kanada iliyokua kwa kununua kampuni nyingine za dawa kwa pesa ya kukopa. Mwaka 2015 iliinunua Salix, na deni lake likawa takriban dola bilioni 30. Hisa yake ilikuwa imepita dola 260 katikati ya mwaka huo. Tarehe 15 Machi 2016, baada ya kushusha makadirio yake na kuonya kwamba kuchelewa kwa ripoti ya mwaka kungeweza kuivunjia masharti ya mikopo, hisa ilipoteza zaidi ya nusu ya bei kwa siku moja. Hatifungani zake nazo zikaporomoka. Ukifungua mizania yake, hata hivyo, hukuti deni lililopungua. Deni liko palepale kwa gharama, na bei ya soko imo kwenye maelezo. Valeant ilifuata viwango vya Marekani, lakini ukisoma hesabu za kampuni ya dawa ya hapa utakuta sura ileile. Kwa hiyo mtu akikuambia "deni la kampuni fulani limeshuka", muulize ameliona ukurasa gani.

Deni la mkopo linaingia kwenye mizania kwa fea valyu pale tu IFRS 9 (kiwango cha vyombo vya kifedha) inapokuruhusu uliteue lipimwe hivyo, nawe ukaliteua siku ya kwanza. Kuna milango mitatu: kuondoa mgongano kati ya upimaji wa mali na upimaji wa deni, kundi la madeni linalosimamiwa na kutolewa taarifa kwa fea valyu, au mkataba wenye vitu vingine vilivyofichwa ndani yake ambavyo kuvitenganisha ni kazi ya kuumiza kichwa. Kampuni za dawa, hasa zile za utafiti, kwa kawaida hupitia mlango wa tatu. Mkopo wao unaweza kugeuzwa hisa, au kiasi cha kulipa kinapanda dawa ikipata kibali. Ukishateua huwezi kurudi nyuma. Na ada za kupanga mkopo zinaingia kwenye matumizi siku hiyohiyo. Hakuna kuzisambaza miaka mitano.

Soma mkataba wote, mpaka viambatisho

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuumbuka. Mwaka wangu wa kwanza kwenye kazi hii nilipima mkopo kwa kiwango ambacho benki ilitupa kwenye barua ya bei. Kizuri sana, nikafurahi. Mkaguzi akaniuliza swali moja tu: "Kiwango hiki ni cha nani?" Kilikuwa cha kampuni mama iliyotudhamini. Dhamana ilikuwa kwenye kiambatisho cha nne, nami nilikuwa nimesoma mpaka cha pili. Dhamana ya mtu wa tatu ikihesabiwa kando na deni, IFRS 13 (kiwango cha kupima fea valyu) inataka upime kwa nguvu yako mwenyewe ya kulipa, usiazime jina la mdhamini. Nilirudia kazi nzima usiku.

Basi chukua kalamu ya rangi, weka alama kila panapotajwa pesa au tarehe. Riba ni ya kudumu au inafuata SOFR, riba ya dola inayobadilika na soko la Marekani? Unaweza kulipa mapema, na kwa adhabu gani? Mkopeshaji anaweza kudai lini? Hili la mwisho watu hulipuuza. Deni ambalo mkopeshaji anaweza kulidai wakati wowote, kama ovadrafti, fea valyu yake haishuki chini ya kiasi anachoweza kudai, likipigwa punguzo (yaani kugeuzwa thamani ya leo) kuanzia siku ya kwanza ambayo anaweza kulidai. Kama anaweza kudai leo, punguzo ni sifuri hata kama kampuni iko hoi.

Pia angalia kama mkopo ni wa bei ya soko. Viwanda vya dawa vya kwetu hupata mikopo nafuu kutoka kwa mwenye kampuni au serikali. Ukipewa dola milioni moja kwa riba ya asilimia 2 wakati soko linakutoza 9, fea valyu ya siku ya kwanza si milioni moja. Tofauti ikitoka kwa mwenye kampuni, kwa kawaida ni mtaji. Ikitoka serikalini, ni ruzuku chini ya IAS 20.

Bei ya nani, kwa soko lipi

IFRS 13, inayotumika tangu Januari 2013, inauliza swali geni kidogo: ungelipa kiasi gani leo kumhamishia mtu mwingine deni hili, katika muamala wa kawaida usio wa kushurutishwa? Zingatia neno kuhamisha. Si kiasi cha kulimaliza. Deni linaendelea kuishi, na hatari ya kutolipwa inabaki nalo.

Nani ananunua deni la mtu? Kwa kawaida hakuna. Ndiyo maana IFRS 13 inakuambia uhamie upande wa pili wa meza: jifanye wewe ndiye unayeshikilia mkopo huo kama mali, halafu jiulize ungeuuza kwa bei gani. Ushahidi wa bei umepangwa kwa ngazi tatu. Hatifungani yenye bei inayoonekana kwenye soko lenye shughuli ni ngazi ya kwanza. Bei zinazotokana na vitu vinavyofanana au viwango vinavyoonekana ni ngazi ya pili. Mkopo wa benki wa kiwanda chetu, ambao hakuna anayeununua wala kuuza, unaangukia ngazi ya tatu, ambako maelezo ni marefu na mkaguzi haondoki mapema.

Kiwango cha punguzo

Hapa ndipo kazi ilipo. Kuzidisha na kujumlisha Excel itafanya yenyewe.

Mkopo wetu wa mfano: dola 5,000,000, riba asilimia 9 kwa mwaka, inalipwa mara moja mwishoni mwa mwaka, pesa yote iliyokopwa inalipwa mwishoni mwa mkopo. Siku ya kukopa, kiwango cha msingi cha dola (riba ya soko kabla ya kuongeza hatari ya mkopaji) kwa muda ule kilikuwa asilimia 4. Tulipokea milioni tano kamili kwa bei ya soko, kwa hiyo nyongeza ya hatari yetu ilikuwa pointi 5. Namba hiyo haikutoka kichwani mwangu. Muamala wenyewe umeitoa. Anza kila mara hivi: rekebisha hesabu yako mpaka siku ya kwanza ikupe pesa ileile uliyopokea. Kama mfumo wako hauwezi kurudisha milioni tano siku uliyopokea milioni tano, hauwezi kukuambia chochote cha maana mwaka mmoja baadaye.

Mwisho wa mwaka imebaki miaka mitatu. Kiwango cha msingi kimepanda mpaka 5.5. Hicho unakisoma kwenye jedwali, mradi muda uwe uleule na sarafu ileile. Usichukue hatifungani ya shilingi ya serikali kupimia deni la dola. Nimeliona hilo kwenye kazi ya mtu mwenye cheti ukutani.

Nyongeza ya hatari ndiyo ngumu. Mimi naanzia kiwandani. Deni la kampuni ya dawa linaumwa kwa mambo ambayo hayapo kwenye kiwanda cha sabuni. Ukaguzi wa ubora ukifunga laini moja, bidhaa tatu zinakosa kwenda sokoni kwa pamoja. Hataza, ile haki ya pekee ya mgunduzi wa dawa, ikiisha, bei ya dawa inaanguka baada ya miezi michache tu. Malighafi hununuliwa kwa dola kutoka India na China, halafu mnunuzi mkubwa wa umma hulipa kwa shilingi, na hulipa anapojisikia. Kule Marekani, kampuni ya dawa ya Mallinckrodt iliomba ulinzi wa mahakama Oktoba 2020 na Endo Agosti 2022, zote mbili zikiwa zimezidiwa na madeni pamoja na kesi za dawa za maumivu jamii ya afyuni. Aliyetaka kupima deni la kampuni hizo ilimbidi asome makabrasha ya mahakama kabla ya orodha ya bidhaa.

Baada ya hapo natafuta ushahidi wa nje. Mwaka ule tuliomba barua za bei kwa benki mbili, tukasema wazi: miaka mitatu, dola, dhamana ileile ya mashine, bila mdhamini. Moja ilisema 13.5, nyingine 14.5. Nikachukua 14, nikaandika ukurasa mmoja kueleza kwa nini. Ukurasa huo una thamani kuliko jedwali zima. Bosi wangu alitaka 12 kwa sababu "benki zinatuonea". Labda ni kweli. Lakini fea valyu ni bei ya washiriki wa soko, na wanaotuonea ndio soko lenyewe.

Hesabu yenyewe

Kila mwaka tunalipa riba ya dola 450,000, na mwaka wa tatu tunaongeza 5,000,000. Kwa asilimia 14, vigawo vya thamani ya sasa (thamani ya leo ya dola moja itakayolipwa mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu) ni 0.877193, 0.769468 na 0.674972, jumla yake 2.321632. Riba inatoa 1,044,734. Pesa iliyokopwa inatoa 3,374,858. Jumla 4,419,592. Deni lilikuwa 5,000,000, tofauti ni 580,408. Ndiyo namba iliyomtoa kijana meno yote nje.

Ukitaka kujihakiki haraka: tunalipa 9 wakati soko linataka 14, pengo la pointi 5, yaani dola 250,000 kwa mwaka. Zidisha na 2.321632. Unapata 580,408. Nikimkuta mtu anafanya uhakiki huu bila kuambiwa, najua atadumu kazini.

(Kwenye mkopo halisi tarehe hazikai vizuri namna hii. Tumia fomula ya Excel iitwayo XNPV na tarehe za mkataba, na kumbuka kutazama kama riba iliyokwisha kujilimbikiza umeiandika mahali pengine, usije ukaihesabu mara mbili.)

Ipasue vipande viwili

Sasa lile kosa la kijana. Alikuwa ameiweka 580,408 yote kwenye faida na hasara. IFRS 9 inataka sehemu inayotokana na hatari yetu wenyewe ya kushindwa kulipa iende kwenye mapato mengine jumuishi (sehemu ya hesabu iliyo nje ya faida na hasara), isipokuwa kama kufanya hivyo kutazua mgongano mwingine wa upimaji. Kanuni hii ina historia yake. Katika robo ya tatu ya mwaka 2011 benki ya Marekani, Morgan Stanley, iliandika mapato ya dola bilioni 3.4 kwa sababu tu soko lilikuwa limeishusha thamani ya madeni yake. Watu walicheka, wengine walikasirika. Marekani nayo iliweka kanuni ya namna hiyo kwenye mabadiliko yaliyotolewa Januari 2016.

Namna ya kupasua: chukua kiwango kipya cha msingi, 5.5, ongeza nyongeza ya zamani ya hatari, 5. Unapata 10.5. Pima deni upya kwa kiwango hicho, kana kwamba soko limesogea lakini sisi tumebaki vilevile. Vigawo vinajumlika 2.465123, na deni linakuwa 4,815,116. Kwa hiyo:

Kutoka 5,000,000 hadi 4,815,116 ni kazi ya soko: 184,884, inaingia faida na hasara.

Kutoka 4,815,116 hadi 4,419,592 ni ugonjwa wetu: 395,524, inaingia mapato mengine jumuishi.

Njia hii inafaa pale kitu kikubwa kilichobadilika sokoni kwa deni hilo ni kiwango cha msingi tu. Kama mkopo unageuzwa hisa na bei ya hisa imeruka, itabidi uitoe athari ya hisa kwanza, la sivyo utaiita hatari ya kulipa kitu ambacho sicho. Na kilichoingia mapato mengine jumuishi hakirudi tena kwenye faida na hasara, hata deni likizimwa. Unaweza kukihamisha ndani ya mtaji, basi.

Malipo yanayosubiri kibali

Tuseme mkataba unaongeza kwamba tutalipa dola 1,000,000 zaidi baada ya mwaka mmoja iwapo dawa mpya itasajiliwa kufikia siku hiyo. Usimuulize mtu wa masoko uwezekano ni asilimia ngapi, atakuambia tisini. Muulize mfamasia anayeshughulikia usajili, halafu mwombe akuonyeshe jalada lilipofikia. Wa kwetu alisema arobaini, akanionyesha barua ya maswali ambayo hatukuwa tumeijibu. Asilimia 40 ya milioni ni 400,000, ukipunguza kwa 14 unapata 350,877.

Mtego uko hapa: shaka ya kibali tayari imo kwenye ile 40. Ukipandisha na kiwango cha punguzo mpaka 20 "kwa sababu dawa yenyewe haina uhakika", umeikata mara mbili. Kiwango kibebe hatari ya kampuni kutolipa; uwezekano ubebe hatari ya dawa.

Na tarehe ni kila kitu. Kampuni ya dawa ya Bristol-Myers Squibb ilipoinunua kampuni nyingine ya dawa, Celgene, mwaka 2019, wenye hisa walipewa pia haki iliyouzwa sokoni New York: dola 9 kwa kila haki iwapo dawa tatu zingeidhinishwa kabla ya tarehe zilizotajwa. Mojawapo, liso-cel, ilikuwa na mwisho wa 31 Desemba 2020. Iliidhinishwa 5 Februari 2021. Dawa ikafaulu, haki zikafa, na deni hilo kwenye vitabu vya mnunuzi likawa sifuri. Kwa hiyo uwezekano unaouandika uwe wa kibali kabla ya tarehe, si wa kibali tu. Mimi naandika tarehe kwenye seli iliyo jirani na asilimia ili nisisahau.

Maelezo ya hesabu

Ngazi ya tatu inadai uonyeshe njia, viwango usivyovipata sokoni, na nini kingetokea vikibadilika. Nami naweka jedwali dogo la viwango vya punguzo vya asilimia 13, 14 na 15. Kwa deni uliloliteua, IFRS 7 (kiwango cha maelezo ya vyombo vya kifedha) inataka pia mabadiliko yaliyolimbikizwa ya hatari yako mwenyewe, na tofauti kati ya kilichoandikwa kwenye mizania na kile utakachodaiwa mkopo ukiiva.

Mstari huo wa mwisho ndio uliomnyanyua bosi kwenye kiti. Alisoma 4,419,592, akasoma 5,000,000, akauliza kama tunaweza kwenda benki na milioni nne na laki nne tukamalizana. Nikamwambia ajaribu. Alipiga simu kweli, na yule ofisa wa Jumatatu akacheka mpaka mimi nikamsikia nilipokaa.

Mwaka uliofuata kasoro za ukaguzi zilifungwa, nyongeza ya hatari ikarudi pointi 5, msingi ukabaki 5.5. Ikiwa imebaki miaka miwili, deni lilipanda mpaka 4,870,703. Kati ya ongezeko hilo, 168,743 ni punguzo lililojifungua kwa kupita mwaka, ikaenda faida na hasara. Hizo nyingine 282,368 ni hasara ya kupona, nazo zikaingia mapato mengine jumuishi, zikila ile 395,524. Safari hii kijana alileta karatasi tayari imepasuliwa, na hakutabasamu.